Uzoefu wangu: masta ya NP wa watu wazima na wazee, chuo cha Marekani

Kila siku mnaniuliza kama masta hii ya unesi inafaa kusomwa, basi nianze na jibu: ndiyo, masomo haya yanafaa, na ningeyasoma tena. Ila yanamfaa nesi anayependa kukaa na wazee. Anayetafuta tu kupanda mshahara atataabika sana kwa faida ndogo, na kuna njia nyingine zitakazomfikisha upesi zaidi.

Nilichosoma ni masta ya unesi, fani ya NP wa huduma za msingi kwa watu wazima na wazee, hapa Texas. NP ni nesi aliyesoma zaidi hadi akaruhusiwa kumpima mgonjwa, kuagiza vipimo, kutaja ugonjwa na kuandika dawa. Nilipompigia mama simu kumweleza, alisema, "Kwa hiyo utakuwa kama tabibu wa zahanati." Hakukosea sana. Matabibu wa Tanzania na maafisa wa kliniki wa Kenya wanafanya kazi ya namna hiyo tangu zamani, ila wao si lazima waanzie kwenye unesi. Huku kazi hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, nesi Loretta Ford alipofungua mafunzo pamoja na daktari wa watoto Henry Silver. Walianza na watoto. Wazee walikuja baadaye. Mwaka 2008 vyombo vya unesi vya Marekani vilikubaliana mfumo mmoja wa leseni za ngazi hii, na fani ya watu wazima ikaunganishwa na ya wazee. Cheti hiki kwa hiyo kinakupa ruhusa ya kumhudumia mtu tangu ujana wa balehe hadi uzeeni kabisa. Watoto wadogo hapana.

Na hapo ndipo pa kufikiria kabla hujalipa hata ada ya maombi. NP wa familia, yaani FNP, anahudumia wote kuanzia mtoto mchanga, na ndiyo maana kliniki za dharura ndogo na za vijijini mara nyingi hutangaza nafasi za FNP. Mwenye cheti changu akiomba huko, anakataliwa kwa sababu ya umri wa wagonjwa tu. Mimi sikujali, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee na nilijua ndiko ninakotaka kubaki. Kama wewe bado hujajua, chukua FNP. Nasema hivi kwa nia njema.

Masomo yenyewe yana nguzo tatu ambazo kila chuo cha NP lazima kiwe nazo: patofiziolojia ya juu (jinsi ugonjwa unavyovuruga mwili), famakolojia ya juu (elimu ya dawa) na upimaji wa mwili wa juu. Famakolojia ndiyo iliyonikosesha usingizi, na ndiyo ninayoishukuru leo. Darasa la upimaji tulilifanya kwa wagonjwa wa kuigiza, watu wanaolipwa kujifanya wana maumivu ya kifua au kizunguzungu, huku mwalimu akitazama kupitia kamera. Nadharia nyingi ilikuwa mtandaoni, na chuoni tulikwenda kwa vipindi vifupi. Kwa mtu mwenye zamu na watoto, mpangilio huo unawezekana, ila usidanganywe na neno mtandaoni: wiki za mitihani ya famakolojia familia yako itakuona kwa shida.

Kozi ya wazee ndiyo roho ya masomo haya. Nesi tunafundishwa tangu mwanzo kumpa mgonjwa dawa sahihi kwa wakati sahihi. Huku unafundishwa kuuliza kama ile dawa bado inahitajika. Mzee akija analalamika kizunguzungu, kabla ya kumwongezea kidonge cha kizunguzungu unamlaza dakika tano, unapima presha, unamsimamisha, unapima tena baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, unakwenda kutafuta kwenye orodha ya dawa zake ni ipi inayomwangusha. Unampima mwendo: anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Vipimo hivi havihitaji mashine yoyote, na vingefanyika vizuri tu katika kituo cha afya cha wilaya yoyote kwetu. Hilo limenikaa moyoni.

Kuna orodha inaitwa ya Beers, kwa jina la daktari Mark Beers aliyeiongoza mara ya kwanza mwaka 1991. Sasa inasimamiwa na chama cha wataalamu wa wazee cha Marekani, na toleo la 2023 ndilo nililosomea. Inataja dawa za kuepukwa kwa watu wa miaka 65 na kuendelea: vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, dawa za mzio zinazolewesha, na dawa za kisukari za kundi la sulfonilurea, hasa zile zinazokaa mwilini muda mrefu kama glibenklamaidi. Kwetu glibenklamaidi ni dawa ya kila siku. Karibu kila ukoo una mzee anayeimeza.

Faida ya orodha ile niliiona kwa macho yangu nikiwa kwenye mafunzo ya kliniki. (Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike.) Prisepta wangu, yaani NP aliyekubali nikae chini yake, ana desturi ya kuwaambia wazee waje na kila wanachomeza, kiwe cha hospitali, cha dukani au cha mitishamba. Akaja bibi mmoja wa Tanga anayeishi na mwanawe Houston. Nilimwamkia shikamoo, uso wake ukafunguka, akashusha mfuko wa plastiki mezani. Tukatoa chupa za duka la dawa la hapa: metfomini, amlodipini, glipizaidi. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu 1x2. Nikaitambua kabla sijaisoma. Ilikuwa glibenklamaidi, ametumiwa na bintiye kutoka nyumbani.

Mwanawe hakuwahi kuitaja dawa hiyo pale kliniki. "Hizo ni zake za siku zote," alisema, na kwake hiyo haikuwa siri wala dawa mpya. Nikamuuliza bibi analalaje. Akasema alfajiri anaamka nguo zimelowa jasho, mikono inatetemeka, na siku moja alianguka akienda msalani. Daktari aliyemwona kabla ya hapo alimwambia ni uzee. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimechoka, na glibenklamaidi hurundikana mwilini figo zinapochoka. Bibi alikuwa anameza dawa mbili za kundi moja la sulfonilurea, glipizaidi na glibenklamaidi, sukari inamshuka usiku. Prisepta wangu alisimamisha zote mbili, akapunguza metfomini kulingana na figo, akaweka shabaha ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, chini ya asilimia 8 badala ya ile kali zaidi ya vijana. Aliporudi, alikuwa analala hadi asubuhi nguo zikiwa kavu. Sijui kozi gani nyingine ya unesi ingenifundisha kutibu kwa kuondoa dawa.

Jambo jingine nililolipata huko ni kumuuliza mzee mwenyewe anataka nini. Wataalamu wa wazee hufuata mambo matano: akili, mwendo, dawa, magonjwa yanayosongamana, na lile lililo muhimu zaidi kwa mgonjwa. Hili la mwisho kwetu ni gumu. Watoto huja na baba wakatuomba pembeni, "Usimwambie ni saratani, atakata tamaa." Nafahamu upendo ulio ndani ya ombi hilo, nyumbani tumelelewa hivyo. Chuo kilinifundisha njia ya kati inayoheshimu pande zote: unamuuliza mzee, mbele ya watoto, anapenda kuelezwa mambo ya ugonjwa wake kiasi gani, na nani amsemee asipoweza kusema. Wapo wanaojibu, "Mwambieni mwanangu mkubwa," na hilo ni chaguo lake, linaandikwa. Wapo wanaosema wanataka kujua kila kitu, na watoto wanapigwa na butwaa.

Penye upungufu, masomo haya yana macho ya Kimarekani. Kipimo cha kumbukumbu tulichofundishwa kwanza kinamtaka mzee achore saa ya mshale. Mama wa Kikongo aliyekulia kijijini, akapita kambi za wakimbizi na hakuwahi kushika kalamu, atashindwa kuchora, na kushindwa huko hakusemi lolote juu ya ubongo wake. Kipo kipimo cha RUDAS, kilichotungwa Australia kwa ajili ya watu wa lugha na elimu mbalimbali, lakini darasani kilipita kwa sentensi moja. Kwa jinsi Wakongo, Warundi na Wasomali walivyo wengi katika miji ya huku, kilistahili kipindi kizima.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka mwanafunzi wa NP apate angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Zamani ilikuwa 500. Ni jambo jema. Ila chuo changu, ambacho sitakitaja, kilituachia wenyewe kumtafuta prisepta. Nilituma barua pepe kliniki baada ya kliniki, nikapiga simu, nikaenda mapokezi na wasifu wangu mkononi, na mara nyingi sikupata hata jibu. Mhula mmoja ulikaribia kuanza nikiwa sina pa kwenda. Wenzangu wawili waliahirisha masomo kwa sababu hiyo, na wengine walilipa makampuni yanayouza nafasi za kliniki, juu ya ada waliyokwishalipa chuoni. Mgeni huku asiye na shangazi daktari wala rafiki mwenye kliniki huumia zaidi kuliko mwenyeji. Nililipia elimu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo nikaachiwa niitafute barabarani. Hilo halikuwa haki, na kwa hilo peke yake napunguza nyota.

Kilichoniokoa ni ukoo wa kazi: manesi wa Kenya na Tanzania tuliofahamiana kanisani na msikitini, mmoja akaniunganisha na NP mwenzake. Saa za afya ya wanawake ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote kupata, na fani hii inazihitaji. Usidhani kwa kuwa ni ya wazee hutachukua sampuli ya mlango wa kizazi wala kushauri uzazi wa mpango.

Fedha. Ukiwa na kadi ya kijani, uraia au hadhi ya ukimbizi unaweza kukopa serikalini. Wenye viza ya mwanafunzi hapana. Kikomo cha mkopo wa kawaida wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka, na ule wa ziada wa Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, kwa hiyo piga hesabu upya, usifuate ushauri wa waliosoma kabla. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Hospitali nyingi zina mpango huo na manesi wetu wengi hawauulizii. Baada ya kumaliza, mpango wa serikali uitwao Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni kwa anayekubali kutumikia miaka miwili katika kituo chenye uhaba.

Mtihani wa cheti una milango miwili, yaani bodi mbili zinazotahini na kutoa vyeti: ANCC na AANPCB. Nilichagua AANPCB kwa kuwa maswali yake 150 yamejikita kwenye kutibu, wakati wa ANCC unachanganya pia utafiti na sera. Vyeti vyote viwili vinatambulika na vinadumu miaka 5.

Ukishapata cheti, jimbo ndilo linaloamua uhuru wako. Hapa Texas huandiki dawa bila mkataba na daktari, na kuna NP wanaomlipa daktari huyo kila mwezi kutoka mfukoni. Ukivuka mpaka kuingia New Mexico, NP anafungua kliniki yake mwenyewe. Medicare, bima ya wenye miaka 65 na zaidi, humlipa NP asilimia 85 ya anacholipwa daktari kwa kazi ileile. Mimi niko kliniki ya wazee, mkataba umelipwa na mwajiri, na ninaipenda kazi hii kwa dhati.

Kwa jumla nakipa chuo nyota tatu na fani yenyewe tano. Anayetaka kuomba, aandikie ofisi ya udahili maswali haya na adai jibu la maandishi: nani anatafuta prisepta, chuo au mwanafunzi? Akikosekana, ada ya mhula inarudishwa? Wanafunzi wangapi wa mwaka jana walichelewa kuhitimu kwa kukosa kliniki? Chuo kilichojiandaa hujibu siku hiyohiyo. Wakianza kukuzungusha, peleka maombi yako kwingine.