Atlasi ya ubongo iliyonifaa wodini

Mwaka wa kwanza nilisoma ubongo kwa kukariri. Michoro mingi ya medula, yaani sehemu ya chini ya shina la ubongo inayoungana na uti wa mgongo, vitabuni huweka upande wa mgongoni juu. Ukifika wodini, picha ya MRI (skani ya sumaku) imeweka upande wa mbele juu. Tena kulia kwa mgonjwa kuko kushoto kwako, kana kwamba umesimama miguuni pa kitanda naye amelala chali. Nilikuwa nageuza kila mchoro kichwani, na mara nyingi nilikosea.

Atlasi ninayoitumia sasa hapa Mbale, Uganda, imechora kila mkato wa shina la ubongo kwa mkao uleule wa skani, na picha yenyewe ya MRI iko ubavuni mwake. Kwangu hilo peke yake linatosha kuisifu.

Nilijua thamani yake siku alipolazwa mzee mmoja, mfanyabiashara wa Busia. Sauti ilikuwa imekwaruza, maji yanampalia, akisimama anayumbia kushoto. Mikono na miguu ilikuwa na nguvu zote, kwa hiyo nyumbani hawakufikiria kiharusi. Nilipomuuliza habari za kuoga akasema, "Mwanangu, mkono huu wa kulia haujui maji ya moto. Nausikia umelowa tu." Nikamgusa mashavu kwa ncha ya pini. La kulia lilichomwa, la kushoto halikuchomwa.

Uso kushoto, mwili kulia! Zamani ningedhani nimepima vibaya. Usiku nikafungua ukurasa wa medula nikafuata njia kwa kidole. Ile inayobeba maumivu na joto la mwili imekwisha kuvuka kwenda upande wa pili tangu kwenye uti wa mgongo. Ile ya uso bado haijavuka. Zinapita jirani, ubavuni mwa medula, karibu na kiini kinachoendesha kumeza na sauti. Njia ya nguvu iko mbele na ya mguso iko katikati, ndiyo maana zilisalimika. Doa moja dogo la kiharusi upande wa kushoto wa medula lilieleza yote aliyosema mzee. CT yake (skani ya eksirei) haikuonyesha kitu, na kwa kiharusi cha sehemu hiyo CT hukosa mara nyingi. Gharama ya MRI familia haikuimudu. Asubuhi nilimweleza daktari wetu, naye akampima upya, akakubali. Mzee akawekewa mpira wa puani ili chakula kisimwingie mapafuni.

Sura ya vyumba vya maji ya ubongo ni fupi mno. Inaniuma, kwa sababu ni hapahapa Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, Dk. Benjamin Warf alipoendeleza upasuaji wa kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu ya maji kujaa kwenye ubongo.

Na tafadhali, msinunue fotokopi. Yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi na nyeupe, njia zote zimekuwa kijivu, huoni ipi ya hisia na ipi ya nguvu. Tulichanga watu wanne tukanunua kitabu halisi. Kwangu kinalala Jumanne na Ijumaa.