"Ulitaka mbuzi?": mbwa niliyepewa kituoni na jibu nililorudi nalo nyumbani

Nimewapa nyota moja, na hiyo moja ni ya mzee anayewapikia mbwa, si ya ofisi. Jina la kituo silitaji, mji wetu huu bado mdogo na sitaki kesi. Nasema tu kwamba ni hapa Dodoma, ni watu wanaookota mbwa walioachwa na kuwatafutia kwa kwenda, na kwamba nilifika kwao kwa roho safi kabisa.

Sisi ni katika wale tulioletwa na ajira. Makao makuu yalitangazwa kuwa Dodoma tangu 1973, lakini wengi wetu tulibebesha makabati kwenye malori baada ya 2016, amri ilipotoka kweli kweli. Tukajenga Iyumbu. Ni kuzuri, hewa safi, ila jirani wa karibu ukimtaka inabidi upige mbinja, na kuku wangu walikuwa wanaibiwa wawili wawili kama wanaosindikizana. Nikasema tutafute mbwa. Mwanangu mkubwa akasema, mama, usinunue, kuna wanaohitaji kwa kukaa. Nikamsikiliza.

Pale kituoni walinihoji kama naomba viza. Fomu kurasa tatu. Je, nina ukuta? Nina kivuli? Watoto wana umri gani? Nikisafiri nani atamlisha? Niliwasifu moyoni, nikasema hawa wanajua kazi. Mimi nikauliza swali moja tu: huyu ana tabia gani? Kijana wa mezani akanijibu akitabasamu, "Mpole tu, mama. Ndiyo maana tukamwita Mpole. Anahitaji upendo." Nikatoa mchango wao, nikatoa na elfu kumi na tano ya mnyororo, eti nitarudishiwa nikiurejesha, nikampakia Mpole kwenye kirikuu cha mume wangu.

Aliposhushwa aliingia chini ya kirikuu hichohicho na hakutoka siku tatu. Anakula usiku tumelala. Sawa, mgeni. Wiki iliyofuata dada wa kazi akashika fagio la chelewa afagie majani ya mwarobaini. Hakumgusa mbwa, hata kumtazama hakumtazama. Mpole alijikojolea palepale, akakimbia akajipiga kwenye wavu wa banda la kuku mpaka wavu ukabonyea. Tukacheka, Mungu atusamehe. Bodaboda ikipita anarusha mwili mzima kwenye geti. Nikajisemea atazoea.

Likizo ilipofika akaja mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, mtoto mwenye adabu asiyependa kuona chombo kichafu. Naeleza jambo hili polepole kwa sababu nililiona lote nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Mbwa anakula dona na dagaa kwenye sufuria kuukuu. Mtoto akainama aichukue akaioshe, maana kilichobaki kilikuwa kidogo. Mpole akaacha kutafuna. Mdomo bado uko ndani ya chakula, ila hautafuni. Mgongo ukakakamaa kama ubao. Jicho likageuka pembeni likaonyesha weupe, na sauti ikaanza kutoka chini kabisa, kama mashine ya kusaga unayoisikia kutoka kijiji cha pili. Mimi nikapiga kelele, "Mpole, acha!" Ndipo akamng'ata, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Nilikuwa nimesikia redioni, siku moja ya kichaa cha mbwa duniani, ile ya Septemba 28, kwamba jeraha la mbwa lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Jaribu uone dakika 15 zilivyo ndefu wakati mtoto wa mwenzio analia na maji ya bomba yalikatika tangu juzi. Tulichota tankini kwa kopo. Dada wa kazi anamimina, mimi nasugua, simu iko dirishani inahesabu. Kisha hospitali, na sindano za tarehe hii na tarehe ile. Nesi akauliza, kadi ya chanjo ya mbwa iko wapi? Nikaitoa. Tarehe imefunikwa na doa la chai! Muhuri unaonekana nusu. Amechanjwa mwaka huu, mwaka juzi, au ni kadi ya mbwa mwingine, hakuna anayejua. Na kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kubahatisha. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu wote wanakufa.

Daktari wa mifugo akaniambia nimfungie na kumwangalia siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ile aling'ata hakuwa na kirusi mateni. Siku zile kumi nilimtazama Mpole kuliko ninavyomtazama mume wangu. Amekunywa maji? Amemeza? Mbona anapiga miayo? Alizimaliza salama. Mimi ndiye niliyekonda.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike.

Nilirudi kituoni. Sikwenda kugombana, naapa. Nilitaka waniambie tufanyeje, au wampokee. Yule kijana alikuwa anakula chipsi mayai. Hakuinuka, shikamoo hakutoa, na mimi ni sawa na mama yake mkubwa. Nikaeleza yote, mkono wa mtoto, sindano, kadi yenye chai. Akachoma kipande cha chipsi kwa kijiti, akakitazama, akasema, "Mama, mbwa ni mbwa. Kama hukutaka anayeng'ata, ulitaka mbuzi?"

Na binti wa meza ya pili akacheka.

Ulitaka mbuzi! Nimefanya kazi serikalini miaka zaidi ya ishirini, nimetukanwa na watu wenye faili na wasio na faili, lakini neno hili lilinifuata hadi jikoni. Nakata kitunguu, ulitaka mbuzi. Niko kanisani, sadaka inapita, ulitaka mbuzi. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Hata pole, neno lisilo na gharama, ambalo Mtanzania humpa hata aliyejikwaa mwenyewe, hakunipa. Alisema kituo kimejaa, nijaze fomu ya kurudisha, nisubiri simu. Kwa hasira nikamtajia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nikidhani nitamtisha. Akajibu, "Hiyo inamlinda mbwa, mama, si wewe." Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi.

Natoka, nikamkuta mzee nyuma anasugua masufuria kwa mchanga. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Mpole hajambo?" Mtu wa kwanza kuuliza! Akakausha mikono kwenye suruali, akatoa daftari la shule lililokunjwa kwenye mfuko wa koti. Ameandika mwenyewe kwa penseli, kila mbwa na ukurasa wake. Wa Mpole ulikuwa na mistari minne: alikuwa anashinda buchani. Anang'ata akila. Fagio, fimbo. Amerudishwa mara mbili.

Mara mbili. Walijua.

"Mbona hawakuniambia, mzee?"

"Wakisema, nani atamchukua?"

Akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanifundisha. Mbwa wa buchani, alisema, hajawahi kula tonge bila mwingine kulitaka, na mwenye bucha naye ana fagio. Ukimwendea anapokula, usiende kuchukua, nenda kuongeza. Simama mbali, mrushie kipande cha firigisi, ondoka. Kesho sogea hatua moja. Ajue mtu akija chakula kinazidi. Sufuria iache hapohapo mpaka mwenyewe aondoke. Na akinguruma usimpige wala usimfokee. "Kunguruma ni kuonya. Ukimkomesha kunguruma, siku nyingine atang'ata kimya." Nikakumbuka "Mpole, acha!" yangu, nikanyamaza.

Kwa hiyo hapa nilikuwa nimefika nyota tatu. Kituo chenye mzee kama huyu hakiwezi kuwa kibaya chote. Lakini mbona mzee yuko nyuma na masufuria, na wa chipsi ndiye yuko mezani? Nikazishusha.

Nilifuata mafunzo. Nilianza hatua kumi, baada ya wiki kadhaa nikafika nne. Fagio tukalificha, tunafagia mbwa akiwa nyuma ya nyumba. Ila mume wangu alishakata shauri, na dada yangu alisema mwanawe haji tena likizo kwangu mpaka huyo mnyama aondoke. Simu ya kituo haikupigwa. Ikabidi nimtafutie Mpole kwa kwenda mimi mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka mbwa mkali wa kufunga mchana na kufungulia usiku. Alikuja na fimbo amjaribu. Mpole akajikojolea. "Mbwa gani huyu," akasema, akapanda gari lake. Nenda salama, kaka.

Wa pili alikuwa mwalimu, anaishi peke yake upande wa Nala, mwanamke mstaarabu, alikuja na biskuti mkobani. Alichuchumaa mbali kidogo bila kumkazia macho, kwa adabu ile mbwa wanayoipenda, na Mpole akatoka chini ya gari mwenyewe. Nilifurahi nikasahau kupumua. Akainua uso akaniuliza, "Ana tabia gani, dada?"

Nikamjibu. Nayaandika kama yalivyonitoka: "Mpole tu. Anahitaji upendo."

Nilimwambia kuhusu fagio, ndiyo. Nilimwambia kuhusu bodaboda. La sufuria nilisema eti hapendi kusumbuliwa akila, kwa sauti ya mtu anayesema mtoto wake hapendi mlenda. Mkono wa mtoto sikuutaja. Nilimpa na dagaa kilo nzima, bure, na sasa najua dagaa zile zilikuwa za nini.

Siku ya pili usiku simu ikaita. Mpole alikuwa ameiba mguu wa kuku akaingia nao uvunguni, na mwalimu alikuwa amesimama juu ya kitanda chake, hathubutu kushuka. Tulikwenda na kirikuu. Nilikaa sakafuni nikirusha vipande vya nyama nilivyobeba kwenye kopo la siagi, mpaka akatoka. Mwalimu hakufoka. Alisimama mlangoni na kitenge mabegani, akasema tu, "Dada, ungeniambia."

Njia nzima kurudi hakuna aliyeongea. Ukinipa nichague kati ya "ulitaka mbuzi" na "ungeniambia", nitachukua mbuzi, wa choma na wa mchuzi, kila siku.

Basi niwape ngapi hawa watu? Wanawaokota mbwa ambao hakuna anayewataka, wanawachanja, nadhani, chini ya lile doa la chai. Wanaficha ili waweze kugawa. Na mimi nilificha ili niweze kugawa, kwa maneno yaleyale, bila hata mshahara. Ningesema nyota tatu niwe mtu mzima. Halafu namkumbuka yule binti alivyocheka, na kile kijiti cha chipsi. Moja. Acha ibaki moja.

Ila kama kuna anayemtaka Mpole, safari hii nasema yote. Anang'ata ukigusa chakula chake, ameshamng'ata mtoto. Anaogopa fagio, fimbo, na mwanaume mwenye kofia. Bodaboda anazichukia kama zilimkosea yeye binafsi. Amerudishwa mara tatu sasa, na ya tatu ni yangu. Tangu aje sijaibiwa kuku hata mmoja. Analala kwenye gunia mlangoni, na nilipougua malaria aliweka kidevu juu ya kandambili yangu akakaa hivyo mchana kutwa. Nina daftari lake, nimenunua na mimi, nitakupa.

Lakini msije wiki hii. Jana nilikuwa naokota choroko barazani, yeye anakula, hatua mbili tu kutoka nilipo. Nikarusha kipande cha firigisi. Akakichukua, akarudi kwenye sufuria, akaendelea kutafuna. Nataka nione kama na leo atafanya hivyo. Mume wangu amesema ananipa mpaka mvua zianze.

Elfu kumi na tano ya mnyororo sijarudishiwa.