Fundi aliyeizika kompyuta yangu bila kuifungua

"Mama, hii mwambie mwanao akununulie laptopu."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, mbele ya wateja wengine, kwenye duka la kutengeneza kompyuta si mbali na soko kuu hapa Tabora. Aliyesema hakuwa ameshika hata bisibisi. Sikio moja ameliziba na spika ya simu, lililobaki ndilo kanipa mimi. Duka silitaji jina. Waliowahi kupita pale watalijua, na ambao hawajapita wasipite. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sehemu ya kuweka sifuri.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba, na vipimo vyake sitawachosha navyo. Lile boksi ambalo wote tunaliita CPU limekaa kwenye kona ya sebule yangu Isevya tangu wanangu wako sekondari, na sasa mmoja ana watoto wake. Humo ndani kuna hesabu zote za kikundi chetu cha kuweka na kukopa: nani kachukua, nani karejesha, nani anaumwa kila siku ya marejesho. Kuna mitihani ya tyusheni, kuna katiba za vikundi vya watu, kuna kadi za michango ya harusi ambazo ndoa zake nyingine zimeshavunjika. Watu wananiletea kazi za kuchapa hadi usiku. Kwa hiyo mtu akiniambia "nunua nyingine" kwa wepesi ule wa kuniambia ninunue kibiriti, ananikosea adabu mara mbili.

Ugonjwa ulianza na saa. Kila nikiwasha asubuhi, mashine inadai ni Januari ya mwaka ambao wajukuu wangu hawajazaliwa, halafu inataka nibonyeze kitufe cha F1 ndipo iendelee. Nikiingia intaneti, kila ukurasa unanitishia kwamba muunganisho si salama. Kijana mmoja wa steshenari akasema ni virusi, akataka kunipigia windo upya. Virusi gani? Tovuti hizi zina vyeti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikiamini iko miaka kumi na kitu nyuma, inaona cheti bado hakijaanza kazi, inakikataa. Dawa ni betri ndogo bapa iliyo ndani, imeandikwa CR2032, ya volti tatu. Ile namba si pambo: upana milimita 20, unene 3.2. Muuzaji akikupa 2025 na kukuapia ni zile zile, mrudishie. Ni nyembamba, itacheza kwenye nafasi yake na saa itakuwa inarudi nyuma vile vile.

Hilo la betri nilikuwa nimeshalijua, nikawa naahirisha tu, si jambo la kumwita fundi. Kilichonipeleka mjini ni umeme. Jioni moja ya mwisho wa kiangazi ulikatika, ukarudi, ukakatika kabla stebilaiza haijatulia, ukarudi tena. Asubuhi nawasha: feni inazunguka, taa inawaka, monita nyeusi, na ndani ya boksi mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya.

Nikalifunga boksi kwenye khanga, nikapanda nalo bajaji nikiwa nimelipakata. Yule bwana akaniambia weka pale. Akachomeka waya, akabonyeza, akasikiliza milio miwili mitatu, akazima.

"Mazabodi imekufa." Yaani ile bodi kuu ya ndani inayobeba vyote.

"Umeonaje, mwanangu, na hujafungua?"

"Mama, sisi hii ndiyo kazi yetu."

Ndipo akanipa ile ya laptopu. Mteja mmoja akacheka. Kisha, kwa sura ile ile kavu, akaniambia shilingi elfu kumi ya kuangalia. Ya kuangalia nini? Hakuangalia, alisikiliza! Kama bei ni ya kusikiliza, aiandike ukutani tujue. Nikalipa huku mkono unatetemeka, nikasema basi fungua, kwa sababu hela yangu imeshakuwa yako. Akasema niiache, nije kesho. Kesho ya mafundi mnaijua wenyewe.

Niliporudi, boksi lilikuwa limefunguliwa kweli. Akanionyesha eneo jeusi pembeni ya prosesa, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa mashine. "Unaona ilivyoungua?" Bei ya mazabodi nyingine ya mtumba ilikuwa laki na ishirini, "ila kwa ushauri wangu mama usitupe hela, hata Windows yake imeshakufa." Nikachukua pindo la khanga, nikapitisha kidole pale palipoungua. Weusi wote ukahamia kwenye khanga. Chini yake bodi ni kijani safi kabisa. Ilikuwa vumbi lililoshikana na mafuta, vumbi letu hili hili la Tabora linaloingia hadi kwenye sukari. Nikamwonyesha kidole. Hakusema samahani. Alisema, "Hata hivyo imechoka."

Na hilo la Windows kufa, nalo ni la kumtishia nani? Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ni kweli, na ni kweli kwamba Windows 11 inadai kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0 ambacho mashine yangu haina. Maana yake usifanyie mambo ya benki humo na uwe mwangalifu na flashi za watu. Hesabu za kikundi hazihitaji ruhusa ya Marekani ili zijumlishwe.

Nikabeba changu nikarudi nyumbani.

Mtoto wa kaka yangu yuko Kigoma, kazi yake ni mitambo ya simu. Akanipigia ya video, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. "Shangazi, chomoa waya wa ukutani kwanza. Sasa bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie, umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kitu chochote cha ndani." Akanionya pia kwamba lile boksi dogo la pawa saplai, linaloipa mashine umeme, nisilifungue hata kwa dawa, kapasita zake, yaani vipipa vya kutunza umeme, zinabaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Mengine yote, akasema, ni ya kufungua na kufunga.

Mlio mrefu unaojirudia, kwa bayosi ya mashine yangu, ile programu ndogo inayoiamsha, ni malalamiko ya ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda. Milio inatofautiana mashine kwa mashine, ndiyo sababu mtu anasoma kwanza ni bayosi gani, halafu ndiyo anatoa hukumu. Nikabana vishikizo viwili vya pembeni, ramu ikaruka juu. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia, mengine yana ukungu wa kahawia. Nikachukua raba ya penseli ya mjukuu wangu, nikasugua taratibu upande mmoja, nikageuza, nikasugua wa pili. Raba ikawa nyeusi, meno yakang'aa. Nikapangusa makombo kwa brashi ya rangi, mpya, kavu. Nikairudisha moja tu kati ya mbili, nikaikandamiza mpaka vishikizo vikalia pande zote mbili. Nikawasha.

Mlio mmoja mfupi, halafu maandishi kwenye monita.

Nilipiga kigelegele mwenyewe sebuleni. Raba! Shilingi mia mbili! Na mtu kaniambia laki na ishirini.

Basi nikaendelea kwa moto huo huo. Betri ya saa mpya. Mapezi ya lile bati lililo juu ya prosesa yalikuwa yamezibwa na vumbi kiasi kwamba feni ilikuwa inapuliza ukuta, nikayasafisha. Girisi ya kupitishia joto ilikuwa imekauka, inapukutika, nikafuta na kupaka mpya kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Hapo ndipo nikagundua skrubu mbili za kifuniko hazipo. Na nilipoingia kuangalia, mashine inasoma ramu nusu ya ilivyokuwa, ingawa nilikuwa nimesharudisha zote mbili. Nikawaapiza wale watu hadi jirani akauliza kulikoni. Wameninyonya ramu!

Mtoto wa kaka akasema shangazi subiri, zibadilishe nafasi. Ya kwanza kwenye nafasi ya kwanza, inasoma. Ya pili kwenye nafasi ya kwanza, inasoma. Yoyote ukiiweka nafasi ya pili, haionekani. Ramu zote nzima, nafasi ya pili ndiyo imekufa. Na nafasi ya ramu iko kwenye nini? Kwenye mazabodi.

Najua mnachowaza. Kwamba fundi alikuwa sahihi. Hakuwa sahihi! Alikuwa na robo ya ukweli, na robo ya ukweli uliyoipata bila kufungua boksi ni ramli. Mganga naye kuna siku anapatia. Lakini nakubali kupandisha kidogo, isije ikasemwa nina chuki: nyota moja na nusu.

Mambo yangeishia hapo, ila mashine ikaanza tabia ya kujizima na kujiwasha, hasa mchana jua likiwa kali. Fundi niliyekuwa namwamini zamani alishahamia Mwanza. Nikavumilia, nikapiga dua, mwisho nikalipakata tena boksi hadi duka lile lile, nimejiandaa kudai skrubu zangu na elfu kumi yangu kwa sauti ambayo stendi wangeisikia.

Yule bwana hakuwepo. Alikuwepo dogo anayejifunza kazi, mwembamba, mikono yake ina alama za kuungua na risasi ya kuchomelea. "Shikamoo mama." Marahaba. Akanipa stuli. Akaniuliza swali ambalo bosi wake hakuniuliza: inajizima baada ya muda gani, na inakuwa imefanya nini?

Halafu akafungua. Akachomoa soketi kubwa ya pini 24, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, feni ya pawa saplai ikazunguka yenyewe. Nikasema nzima. Akasema, "Kuzunguka siyo uzima mama," akachukua mita akapima: njano volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Zote zilikaa mahali pake. Akawasha tochi ya simu, akainama karibu na prosesa. "Njoo uone." Kapasita mbili, vile vipipa vyenye alama ya mkato juu. Wenzake wote wana vichwa bapa. Hizi mbili zimevimba, moja imetoa utomvu wa kahawia umekauka kwenye mkato. Joto ndilo linalozikausha, mwaka hadi mwaka, na kwenye mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliua mashine dunia nzima. Kumbe wakati bosi ananionyesha vumbi, ugonjwa wenyewe ulikuwa umbali wa kucha moja kutoka kidoleni kwake.

Dogo akapekua bodi za zamani zilizorundikwa chini ya meza. Alitafuta zenye maikrofaradi zile zile, yaani kipimo kile kile cha umeme zinaotunza. Volti zilikuwa zaidi kidogo, akaniambia zaidi si neno, pungufu ndiyo balaa. Akazing'oa za kwangu, akapachika nyingine akiangalia upande wenye mstari, ambao ndio hasi, kwa sababu ukigeuza inapasuka. Alifanya kazi ile kwa utulivu wa mtu anayetahiniwa. Akasema elfu nane zote mbili. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba bodi hii ina umri na hawezi kuniahidi miaka, nihifadhi vitu vyangu vya muhimu kwenye flashi leo leo. Nyota tano! Nilikuwa nimeshazitoa moyoni, tano nzima, na kumtakia mchumba mwema.

Bosi akaingia. Akaangalia meza. "Kapasita elfu kumi na tano moja." Dogo akainamisha macho. Nikamwambia yule bwana, mwanangu, bei nimeshapewa na aliyefanya kazi. Akasema dogo hajui bei. Nikaweka elfu nane mezani, nikamkumbusha na elfu kumi yangu ya kusikiliza milio, tukatazamana. Hela akaichukua. Dogo hakupewa hata mia mbele yangu.

Kwa hiyo sijui niweke nini. Mashine inapiga kazi, na maneno haya nimeyachapia humo. Duka ni moja na nusu, dogo ni tano, na ukigawanya kwa mbili unapata jibu ambalo halimfai yeyote kati yao. Dogo akifungua pake, hata kiwe kibanda cha mabati kule Ng'ambo, nitamfuata na nitawapeleka kikundi kizima. Kabla ya hapo, ukilazimika, nenda saa saba mchana bosi anapokwenda kula, ukae hapo hapo wakifungua, na uhesabu skrubu kabla hujatoka. Mimi mbili bado nawadai.