Mapitio ya kitabu: John Kani na tamthilia yake "Nothing but the Truth"

Watazamaji wengi wa filamu wanamfahamu John Kani kama T'Chaka, babake Black Panther, bila kujua kwamba mzee huyu, aliyezaliwa mwaka 1943 katika kitongoji cha New Brighton, Port Elizabeth, Afrika Kusini, alikuwa bingwa wa jukwaa miongo minne kabla ya hapo. Mwaka 1972 yeye, mwigizaji mwenzake Winston Ntshona na mwandishi wa tamthilia Athol Fugard walitunga "Sizwe Banzi Is Dead" kwa kubuni mazungumzo mazoezini, na mwaka 1975 yeye na Ntshona wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, huko New York. "Nothing but the Truth", iliyochapishwa na Wits University Press baada ya kuonyeshwa mwaka 2002, ni tamthilia ya kwanza aliyoiandika peke yake, na ni yeye aliyemwigiza mhusika mkuu.

Mhusika huyo, Sipho Makhaya, ni mkutubi msaidizi wa miaka 63 anayengojea cheo alichonyimwa enzi za ubaguzi wa rangi. Ameandaa mazishi ya nduguye Themba, aliyefia uhamishoni London, lakini Mandisa, binti wa marehemu, anawasili na majivu badala ya jeneza. Kani anauanza ugomvi huo kwa kichekesho, kisha taratibu anafunua kwamba Themba, anayesifiwa kama shujaa wa ukombozi, alikuwa akimpokonya Sipho kila alichokipenda, mkewe akiwemo. Luvuyo, mwana wa Sipho, aliuawa na polisi, na hapo mwandishi anaandika kwa uchungu wake mwenyewe, kwani mdogo wake aliuawa na polisi mwaka 1985 akighani shairi mazishini. Maneno marefu ya Sipho katika sehemu ya pili, anapodai ukweli na haki baada ya kukikosa kile cheo, yanatosha kuhalalisha bei ya kitabu.

Mandisa hakunishawishi kwa kiwango hicho. Yeye na Thando, binti wa Sipho anayefanya kazi ya ukalimani katika Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyosikiliza ushahidi wa maovu ya enzi za ubaguzi, wanapojadili msamaha, nilisikia hoja mbili zikishindana kuliko mabinamu wawili wakizungumza. Mwisho wenye matumaini, ambapo Sipho anaazimia kumwandikia Rais ili New Brighton ijengewe maktaba, huenda ukawaudhi wanaotaka msiba mtupu. Mimi niliupokea, kwa kuwa mzee mwenye kiburi cha kazi yake asingeomba kitu kingine.

Kitabu ni chembamba, na Kiingereza chake, kilichochanganywa na isiXhosa kidogo, hakimchoshi msomaji. Vikundi vya maigizo visivyo na fedha nyingi vitakipenda zaidi, maana vinahitaji waigizaji watatu tu na mandhari ya nyumba moja, ingawa kumpata mtu wa kuyabeba maneno ya Sipho si kazi rahisi.