Ramani ya mchana na usiku kwenye kompyuta: ipi ya kulipia na ipi ya kuchukua bure

Mtu mwenye shangazi Muscat, kaka London na mteja Guangzhou huchoka kuhesabu tofauti za saa kwa vidole. Ramani ya dunia inayoonyesha upande wenye jua na upande wenye giza humpunguzia kazi hiyo, kwa kuwa humjulisha papo hapo kama anayetaka kumpigia yuko mchana au amekwisha kulala. Nazipanga hapa programu za aina hiyo kuanzia ile ambayo ningemshauri kila mtu aanze nayo.

Kipimo changu cha kwanza, iwe programu ni ya bure au ya kulipia, ni mstari unaotenga mwanga na giza. Jioni ya tarehe 21 Juni jua huzama Nairobi yapata saa kumi na mbili na nusu, lakini London hulazimika kungoja hadi saa tano na dakika ishirini usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Tarehe 21 Desemba mambo hugeuka kabisa: jua likishazama Nairobi, London nayo huingia gizani baada ya takriban robo saa tu, ingawa miji hiyo imetengana kwa maelfu ya kilomita. Hali hiyo hutokana na mhimili wa dunia kuinama nyuzi 23.4, na ndiyo maana mstari wa giza hupinda na kulala upande miezi hiyo, kisha ukanyooka kutoka kaskazini hadi kusini mwezi Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Programu ambayo mstari wake umesimama wima mwaka mzima usiichukue hata ukipewa bure.

Nafasi ya kwanza naipa ile ambayo huenda tayari unayo. Programu ya saa iliyomo ndani ya Windows, na ile iliyokuja kwenye kompyuta za Mac pamoja na macOS Ventura mwaka 2022, zote zina ukurasa wa saa za dunia wenye ramani iliyotiwa kivuli cha usiku. Unaongeza miji yako, na kazi imekwisha. Kasoro yake ni kwamba lazima uifungue kila unapotaka kuitazama.

Ya pili ni EarthTime ya kampuni ya DeskSoft, kwa wenye Windows, na hii ndiyo pekee ambayo ningetoa fedha kwa ajili yake. Inawafaa wanaoratibu safari, mizigo au mikutano katika miji mingi, kwani saa za miji hukaa juu ya ramani yenyewe. Unaweza kuijaribu kabla ya kununua. Itumie siku hizo za majaribio kuhakiki mabadiliko ya saa, yaani desturi ya baadhi ya nchi kusogeza saa mbele majira ya joto na kuirudisha baadaye. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ilhali Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, na katika majuma hayo ya katikati makosa ni rahisi mno. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia programu nyingine iliyokuwa imeachwa bila marekebisho, ikiwa bado na kanuni za Marekani za kabla ya 2007, tarehe za kusogeza saa zilipokuwa tofauti, nami nikachelewa saa nzima kwenye mazungumzo na mteja wa New York. Kivuli cha ramani kilikuwa sahihi. Tarakimu za saa ndizo zilizonidanganya.

Ya tatu ni Desktop Earth ya Marton Anka, ambayo ni ya bure na huifanya ramani kuwa picha ya nyuma ya skrini yako ya Windows, kwa kutumia picha za setilaiti za NASA, pamoja na taa za miji upande wa usiku. Hapa ukubwa wa skrini una maana. Kwenye skrini yenye nukta 1920 kwa upana, kila nukta hubeba takriban kilomita 21 pale ikweta, hivyo Unguja yote hupata nukta nne hivi kwa urefu. Usitarajie kuuona mtaa wako, wala usiitegemee ramani kwa wakati wa Magharibi badala ya ratiba ya msikiti.

Watumiaji wa Linux wachukue Xplanet, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Huendeshwa kwa kuandika maagizo kwenye faili, jambo linalowakimbiza wengi, lakini anayevumilia jioni moja hupata ramani anayoweza kuipanga apendavyo, hata kuweka alama kwenye mji wake mdogo usiotajwa kwingine. Home Planet ya John Walker, mmoja wa waanzilishi wa Autodesk aliyefariki mwaka 2024, nayo ni ya bure na ina ramani ya nyota pia, ila sura yake ni ya Windows za zamani.

Kwa ukuta wa ofisi au mapokezi ya hoteli, kompyuta ya mezani si chombo chake. Geochron, jina lililoanza na saa ya mitambo ya James Kilburg katika miaka ya 1960, sasa huuza kisanduku kinachochomekwa kwenye televisheni. Ni ghali kuliko vyote nilivyovitaja, na kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kukinunua.