Dati baiki ya porini kwa mtu mzima mwenye mwili mdogo: ipi uchukue, ipi uipite tu

Kuna ushauri mtu mfupi anapewa kila akitaja anataka dati baiki, eti chukua kubwa tu utaizoea. Jamani. Mtoto ndo anaambiwa hivyo manake mwakani mguu wake utakuwa umerefuka, wewe ushamaliza kukua, mguu ulionao leo ndo utakaokuwa nao mwakani, kwa hiyo pikipiki ndo itafutwe ya kukutosha wewe. Na upande wa pili kuna wale wanaokwambia basi nenda kanunue ya watoto, nayo sio sawa hivyohivyo tu, zile cc 50 na 65 shokapu zake zinalala chini ukikaa tu na magoti yanagonga usukani.

Hapa naongelea pikipiki za kupita njia za porini, yaani mawe, mizizi, matope, vilima vya ghafla, sio za kurukia kwenye mashindano. Na mwili mdogo nina maana mtu wa sm 150 hadi 165 hivi. Ila gawanya hapo mapema kabla hujaangalia kitu kingine chochote: je we ni mfupi mwepesi, kilo 45 mpaka 60, au ni mfupi ila kilo ni 75 kwenda juu? Watu wanasahau hili. Springi za hizi pikipiki ndogo zimetengenezwa kwa mtu mwepesi, mwenye kilo nyingi akipita kwenye mashimo inagonga mwisho kila saa. Na mwepesi akikalia pikipiki kubwa ya enduro, yaani ile ya mashindano marefu ya porini, springi haishuki hata kidogo, anabaki juu kule kama nguo kwenye kamba, wakati rafiki yake wa urefu uleule mwenye kilo nyingi anakaa na miguu inafika.

Ndo maana namba ya urefu wa siti peke yake inadanganya. Chukua mtu wa sm 155, mguu wake kwa ndani kuanzia chini mpaka juu kabisa ni kama sm 70, buti za pikipiki zinaongeza kama 2 au 3. Siti ya sm 80 ukiisoma kwenye karatasi unaona haiwezekani, lakini ukikaa inashuka sm kadhaa, siti ikiwa nyembamba mapaja hayatanuki sana, vidole vinashika chini vizuri tu. Halafu porini huhitaji miguu yote miwili chini, unahitaji mmoja, unateleza nusu ya kalio upande mmoja unakanyaga, hiyo ifanyie mazoezi ukiwa umesimama kabla hujaenda popote. Siti pana ya urefu uleule itakunyima hiyo nafasi, kwa hiyo kaa juu yake ukiwa umevaa buti zako, usinunue kwa kusoma.

Kwangu mimi kitu kinachozidi urefu wa siti ni uzito. Pikipiki itaanguka, hilo halina mjadala, swali ni utainyanyua mara ngapi kwa siku kabla mikono haijaisha. Kilo 90 mtu mdogo anainyanyua, anatukana kidogo, anaendelea. Kilo 120 kwenye mteremko wenye utelezi unaanza kusubiri mtu apite.

Haya, mpangilio wangu, kuanzia ninayoiweka juu.

Ya kwanza ni Kawasaki KLX140R L. Ile L ndo ya kuangalia manake hii pikipiki iko ya aina tatu na wauzaji wanazichanganya, kuna R ya kawaida yenye matairi madogo inchi 17 mbele na 14 nyuma, kuna L ya 19 na 16, kuna F ya 21 na 18. L siti yake ni sm 80, uzito kama kilo 95 ikiwa na mafuta, injini cc 144, gia tano, stata ya kubonyeza. Kinachoiweka juu ni breki za diski mbele na nyuma na shokapu ya nyuma inayorekebishika, maana yake mwepesi anailegeza na mzito kiasi anaikaza. Nguvu sio ya kutisha, inavuta taratibu kutoka chini, ukiachia klachi vibaya haikurushi. Bado ni ya kabureta kwa hiyo asubuhi ya baridi utavuta choki na kuisubiri kidogo ipate moto, sio shida kubwa.

Ya pili Yamaha TT-R125LE. Siti sm 80.5, uzito kilo 90, cc 124, gia tano, stata ipo, matairi 19 na 16. Hii imekuwepo miaka mingi na haijabadilika sana, ndo raha yake, spea zinapatikana na kila fundi anaijua, injini ni ya kupozwa na hewa hivyo hamna rejeta ya kupasuka ukianguka kwenye mawe. Klachi yake laini kabisa, mtu mwenye vidole vifupi anaishukuru. Kasoro: breki ya nyuma ni ya ngoma, ikiingia maji na tope inapungua ukali, na kwenye kilima kirefu cc 124 zinaisha utasikia injini inaomba gia namba moja. Kwa anayejifunza kabisa ningeiweka hata juu ya Kawasaki, ila kwa mtu atakayekaa nayo miaka, zile cc 20 za ziada na diski ya nyuma zinaonekana.

Ya tatu Honda CRF125F, ile yenye matairi makubwa inaitwa Big Wheel. Siti kama sm 78.5, nyepesi, na toka 2019 inatumia injeksheni, mafuta yanapulizwa kwa kupimwa na kompyuta, badala ya kabureta, unabonyeza inawaka, na hata ukipanda milimani ambako hewa ni nyepesi yenyewe inajirekebisha, huna haja ya kubadili jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta kwenye kabureta. Kwa mtu wa sm 150 hii pengine ndo ya kwanza, sibishi. Mimi nimeishusha kwa sababu moja tu, gia ziko nne. Kwenye njia za kupanda na kushuka kuna mahali ya kwanza inalia sana na ya pili inachoka, uko katikati hapo. Ukibadili sproketi ya mbele, ile gia ya meno inayovuta mnyororo, ukaweka yenye jino moja pungufu inasaidia sana, ni kazi ndogo. Ya matairi madogo iache kwa mtoto hata kama mguu unafika vizuri, tairi dogo linaingia kwenye kila shimo na linakwama kwenye kila mzizi.

Ya nne ni KLX140R F, na hapa ndo namrudia yule mfupi mwenye kilo. Injini ileile cc 144 ila matairi ni ya watu wazima kabisa, 21 mbele na 18 nyuma, yanapanda juu ya mawe badala ya kugonga, siti imepanda mpaka sm 86 na uzito unakaribia kilo 99. Ukiwa na sm 163 na kilo 70 na kitu nunua hii usiangalie nyuma. Tairi za 21 na 18 pia zina uchaguzi mpana sana wa kashata, za matope, za mawe, laini, ngumu, wakati za 19 na 16 unapata chache.

Baada ya hapo zinakuja za cc 230, Yamaha TT-R230 na Honda CRF230F. Zote siti karibu sm 87, zote gia sita, zote kama kilo 114, na zote mbili zina tabia moja nzuri, nguvu inatoka chini kabisa, unaenda kama trekta hata ukikosea gia. CRF230F ilitoka 2003, siku hizi haitengenezwi tena, ni ya mtumba tu, iliyochukua nafasi yake ni CRF250F ambayo imepanda mpaka sm 88 na kilo 120 hivi, hapo kwa mtu mdogo naanza kusita. Hizi 230 zinamfaa mtu aliyekwisha endesha, anajua kuteleza kalio na kukanyaga, na anataka nguvu ya kufuatana na wenzake wenye miili mikubwa bila kuisokota injini muda wote. Zile kilo 20 za ziada usizidharau lakini.

Kuna moja ya mtumba watu wanaipita bila kuiangalia, Honda CRF150F, sio CRF150R, angalia ile herufi ya mwisho vizuri. F ni ya porini, ya kupozwa na hewa, siti sm 82.5 hivi, imetengenezwa mpaka 2017, na iko katikati kabisa ya 125 na 230. R ni ya mashindano, ya kupozwa na maji, nguvu yote iko juu kwenye mizunguko mingi, kwenye njia ya mawe inakuzimikia halafu inakurusha. Muuzaji akikwambia ni kitu kimoja mwache.

Za barabarani na porini kwa pamoja, zenye taa na sehemu ya namba: Yamaha TW200, siti sm 79, ipo sokoni toka 1987, matairi manene ya ajabu yanayoelea kwenye mchanga, ila kilo 126. XT250 siti sm 81, kilo 132. Kama inabidi uendeshe lami kufika njia ilipo basi huna ujanja, chukua mojawapo, mimi ningechukua TW. Kama unaipakia kwenye gari, hizo kilo za taa na vioo za nini.

Na za umeme, aina ya Sur-Ron Light Bee, kilo 50 na kitu, siti sm 83 hivi, hamna klachi hamna gia, breki ya nyuma iko mkononi. Kwa mtu mdogo ule uzito ni raha tupu, unainyanyua kama baiskeli nzito. Shida ni chaji, porini ukipanda sana inaisha haraka kuliko ulivyosoma, na ukitaka baadaye kuhamia ya injini klachi utaanza kujifunza upya. Nimeiweka pembeni sio kwa ubaya.

Za kuzipita ni hizi: 85 za tu-stroku za mashindano, urefu utakushawishi ila nguvu zinakuja zote kwa mpigo. Na enduro kamili za 250 na 300, siti zake ni sm 94 mpaka 96, ni pikipiki nzuri sana na wapo watu wa sm 158 wanaziendesha vizuri, lakini hao ni watu wenye miaka ya mazoezi, na wengi wamezishusha.

Kuhusu kushusha. Watu wanakimbilia kuchonga sponji ya siti kwa sababu ni rahisi, ukizidisha utakaa juu ya fremu na makalio yatakwambia, na magoti yanakunjika zaidi kila ukitaka kusimama kwenye pedo. Linki ya kushushia nyuma, kile chuma kinachounga shokapu ya nyuma, inafanya kazi, ila inafanya shokapu iwe laini zaidi na ukishusha nyuma lazima ushushe na mbele, unazipandisha shokapu za mbele kidogo kwenye vishikio vyake, la sivyo usukani unakuwa mzito kukata kona. Kabla hujakaza hakikisha tairi la mbele likipanda mpaka mwisho haligusi madgadi. Njia bora kuliko zote ni fundi wa shokapu kuzifupisha kwa ndani na kuweka springi za uzito wako, inakula hela lakini unaipata pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili yako. Kwa mtu wa kilo 50 springi laini tu pekee yake zinaweza kukushushia sm mbili tatu, anza hapo.

Leva za klachi na breki nazo zisogeze ziwe karibu na vidole, nyingi zina skrubu ndogo pale, dakika tano. Zungusha na usukani urudi kwako kidogo. Mtu mdogo anayelalamika pikipiki nzito kumbe shida ni leva iko mbali anavuta na ncha za vidole.

Ukinunua ya mtumba, na hizi nyingi utazipata hivyo, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, gusa injini ukifika, kama ya moto kuna kitu anaficha kuhusu kuwaka kwake asubuhi. Toa siti uone chujio cha hewa, likiwa na mchanga basi na injini imekula mchanga. Shika tairi la nyuma ulitikise pembeni, kama lina mchezo kuna bearingi au bushi imeisha. Gonga njiti za rimu mojamoja kwa spana usikilize, iliyolegea inalia tofauti. Angalia mafuta yanayovuja kwenye shokapu za mbele. Pikipiki ya watoto waliokua huwa nzima kuliko ya mtu mzima aliyekuwa anaruka nayo. Halafu mwisho kabisa, kabla ya kutoa hela, ilaze chini taratibu kwenye nyasi, uinyanyue mwenyewe bila msaada, muuzaji akikataa kwamba utaichubua mwambie basi ashike yeye upande mmoja wakati unailaza, ila kuinyanyua akuachie.