Netdata: macho inayo, kufuli utafute mwenyewe

Natunza seva ya ghala la korosho hapa Mtwara. Msimu ukianza Oktoba malori yanapanga foleni, na mfumo wa mizani ukikwama hata dakika kumi, madereva hawana lugha nzuri. Nilitaka kuiona hali ya seva hata nikiwa Mikindani, nikaweka Netdata, programu ya kuchungulia hali ya seva kupitia kivinjari.

Kwa kuonyesha, sina neno. Amri moja tu, na papo hapo grafu za prosesa, kumbukumbu na diski zinaanza kutembea kila sekunde. Kasoro ipo mlangoni: ukiiacha ilivyokuja, inasikiliza poti 19999 (poti ni kama namba ya mlango wa mtandao) kwenye anwani zote za mashine, wala haiulizi nywila. Kama seva ina anwani ya umma na hakuna fayawoli (ukuta wa kuzuia wasiotakiwa), mpita njia yeyote anasoma programu gani zinaendeshwa na diski ipi inakaribia kujaa. Ni kama kumchorea mwizi ramani ya nyumba.

Nilifungua faili la mipangilio, netdata.conf, sehemu ya [web], nikaandika bind to = 127.0.0.1, ikabaki kuongea na mashine yenyewe tu. Mbele yake nikasimamisha Nginx, programu inayopokea wageni kama bawabu, yenye nywila iliyowekwa kwa htpasswd na cheti cha Let's Encrypt kinachowezesha HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa. Hicho cheti usikiruke. Bila HTTPS, nywila ya namna hii husafiri ikiwa imevishwa base64 tu, namna ya kuandika isiyoficha siri, na anayenasa Wi-Fi ya hoteli anaivua bila jasho. Cheti chenyewe ni bure, kinadumu siku 90, na programu ya certbot inakihuisha.

WireGuard nayo nimeiweka, ni VPN, yaani njia ya faragha ya kuifikia seva, ndiyo njia yangu mimi, maana kwayo dashibodi (ukurasa wa grafu) haihitaji kuonekana huko nje. Ila bosi wangu, mama wa watu, akiwa mnadani Newala anataka kubonyeza linki aone. Ukimwambia awashe VPN kwanza, jiandae kupigiwa simu usiku. Yeye anapita kwa Nginx.

Bando je? Ukikaa unazitazama grafu kwenye simu zinakula data kila sekunde, kwa hiyo tazama, funga.

Kwa seva moja ningeichagua tena. Mkiwa watu kadhaa na kila mmoja anahitaji akaunti yake, afadhali Grafana, programu nyingine ya grafu, ina ukurasa wake wa kuingilia. Lakini ile admin/admin (jina na nywila) inayokuja nayo ibadilishe kabla hujaenda kunywa chai.